Kanuni Zilizoshindwa Kupanda Mlima: Historia ya Kuupanga Mji wa Mwanza

Wajerumani waliweka kituo chao cha utawala Mwanza mwaka 1892. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1891, walikuwa wamekwisha kutangaza huko Dar es Salaam kanuni ya kwanza ya ujenzi wa mji katika koloni lao. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa ya namna ya kujenga mjini ina umri mkubwa kuliko mji wa Mwanza wenyewe, na historia ya Mwanza inaweza kusimuliwa kwa kuzifuata kanuni hizo: nani aliziandika, aliziandika kwa ajili ya ardhi gani, zilimfikia nani na zilimwacha nani nje.

Kanuni ya usanifu wa mji si ramani ya mji. Ramani husema hapa soko, pale shule, kule makazi. Kanuni husema njia iwe na upana gani, nyumba ikae umbali gani kutoka barabarani, sehemu gani ya kiwanja iachwe wazi, maji ya mvua yapite wapi, ukuta uwe wa kitu gani na ghorofa ziwe ngapi. Ramani hukaa ofisini kwa afisa mipangomiji. Kanuni inayofaa hukaa kichwani mwa fundi, na kwa sababu hiyo inaweza kufika hata pale ambapo afisa hafiki. Mwanza imeishi kwa zaidi ya miaka 130 na kanuni ambazo mara nyingi hazikufika. Si kwamba watu wake hawakutaka utaratibu. Kanuni zenyewe ziliandikwa kwa ajili ya tambarare na kwa ajili ya watu wachache wenye fedha, na mji ukakua juu ya majabali, mikononi mwa watu wengi wasio na fedha.

Ukuta wa nani?

Kanuni ya 1891 iliigawa Dar es Salaam kwa aina ya jengo. Katika eneo la mbele ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Nyuma yake yalifuata majengo ya vifaa vya kudumu, na mbali zaidi ndipo zilipokubaliwa nyumba za miti, udongo na makuti. Kanuni haikutaja rangi ya mtu. Lakini katika mji ambamo mawe, chokaa na bati vilikuwa mikononi mwa wachache, kutaja aina ya ukuta kulitosha kumwonyesha kila mtu mahali pake. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini vilianza kuchorwa kwa kipimo cha fundi mwashi kabla ya kuchorwa kwa sheria ya ubaguzi.

Mwanza ya Wajerumani ilikuwa kituo kidogo cha mbali. Boma lilikaa mahali pa juu, maduka yakakaa chini karibu na maji, na bidhaa zilisafiri kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikuwa imefika mwaka 1901. Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huo. Walichokuja nacho baada ya vita ni mtindo uleule wenye karatasi nyingi zaidi: Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyoiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, na kanuni za miji za mwaka huohuo, zilizoruhusu mji kugawanywa katika kanda zenye masharti tofauti ya ujenzi. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu zenye viwanja vikubwa na bustani. Ya pili ilikuwa ya biashara, mahali ambapo mfanyabiashara alilala nyuma au juu ya duka lake. Ya tatu ilikuwa ya wenyeji.

Kanda hiyo ya tatu inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo iliyozaa Mwanza tunayoiona leo. Masharti yake yalikuwa mepesi, nayo yalihesabiwa kuwa hisani. Mtu aliruhusiwa kujenga kwa udongo, lakini haki yake juu ya kiwanja ilikuwa ya muda mfupi. Hakutakiwa kuweka choo cha kuvuta maji, na serikali nayo haikutakiwa kumfikishia bomba la majitaka. Kwa maneno mengine, mkoloni alikuwa na kanuni kamili kwa ajili ya watu wachache, na kwa walio wengi alikuwa na ruhusa ya kujihifadhi kwa muda. Mji ulihesabiwa kuwa mahali ambapo Mwafrika anapita, akimaliza kazi arudi kwao.

Reli, pamba na Mto Mirongo

Dhana hiyo ilianza kubomoka mwaka 1928, reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Mzigo uliokuwa ukivuka ziwa kwenda Kisumu sasa uliweza kuteremka moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Bandari, stesheni, vinu vya kuchambulia pamba na maghala vikabanana katika ukanda mwembamba wa tambarare ulio kati ya ziwa na vilima. Upande wa rasi ya Capri Point na kwenye miinuko yenye upepo wa ziwa zikakaa nyumba za maofisa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka ya katikati ya mji. Waafrika wakakaa kuelekea Mto Mirongo na ng'ambo yake, kwenye ardhi ya chini inayojaa maji wakati wa masika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ya Usukuma iliufanya mji huu kuwa wa fedha. Wakulima walioibiwa na wachuuzi kwenye mizani walianza kupima pamba yao wenyewe, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Mwanza ilikuwa imepata jambo ambalo kanuni za 1923 hazikulitarajia: Waafrika wenye ofisi, mishahara, magari na nia ya kukaa mjini maisha yao yote.

Mwaka uliofuata, 1956, serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Mipangomiji ambayo kwa kiasi kikubwa ilifuata sheria za Uingereza za baada ya vita. Ilikuwa sheria ya nchi yenye wapima ardhi wa kutosha, mabenki ya kukopesha wajenzi, na miji inayokua polepole. Ilidai mpango mkuu uchorwe kwanza, upitishwe juu kabisa, viwanja vipimwe, barabara zifunguliwe, na ndipo mtu apewe kibali. Kila hatua ilikuwa na mantiki yake. Zikiwekwa pamoja, katika mkoa wenye wapima wa kuhesabika kwa vidole, zilikuwa foleni isiyosogea. Sheria hiyo, pamoja na marekebisho yake, ilidumu hadi 2007. Ilipita juu ya Uhuru, Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa na soko huria, ikiwa bado inatazama mji kwa jicho la 1956.

Nyakato: mistari kabla ya nyumba

Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 35,000 mjini Mwanza. Mwaka 1968 kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Mwatex, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Sera ya miaka ya mwanzo ya Uhuru ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora kupitia Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu ilikataa: nyumba zilizobomolewa zilikuwa za watu wengi, na zilizojengwa zilitosha wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliacha njia hiyo ikachagua nyingine ya busara zaidi, yaani mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ilikwenda katika miji mitatu: Dar es Salaam, Mbeya na Mwanza.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Serikali isijenge nyumba. Ipime viwanja, ifungue barabara, ichimbe mitaro, ifikishe maji, kisha imwachie mwananchi ajenge mwenyewe kwa mwendo wa mfuko wake, chumba leo na chumba mwakani. Kwa Mwanza eneo lililochaguliwa lilikuwa Nyakato, kwenye barabara ya kwenda Musoma, ambako ardhi ni tambarare kuliko katikati ya mji. Viwanja vilikuwa vidogo, vingi takribani mita za mraba 300, vimepangwa kwa mistari, na kila kimoja kikigusa njia. Wenye navyo walijenga nyumba ya Kiswahili ambayo kila fundi aliijua: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani jiko na choo, na vyumba vingine vya kupangisha.

Hayo yalifanyika katika wakati mgumu. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za miji katika mfumo wa madaraka mikoani, na miji haikurudishiwa mabaraza yake hadi 1978. Kwa miaka hiyo mji kama Mwanza haukuwa na chombo chake cha kusafisha mitaro, kukarabati barabara wala kusimamia ujenzi. Baadaye vita vya Kagera na ukata wa miaka ya 1980 vilikausha kilichobaki. Barabara za mradi zilichakaa na mabomba yakakauka.

Hata hivyo mistari ilibaki. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa uchumi likiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics lilichapisha utafiti juu ya maeneo ya mradi huo kwenye miji saba ya Tanzania, Mwanza ikiwamo. Walilinganisha picha za setilaiti za maeneo hayo na za maeneo jirani miongo kadhaa baada ya mradi kwisha. Waliona kwamba palipopimwa kabla ya watu kuhamia, nyumba ni kubwa zaidi, zimekaa kwa mpangilio bora na ubora wake ni wa juu. Kwa maeneo ambayo watu walikuwa wamekwisha kujenga na mradi ukaja kuyaboresha, hawakuona manufaa ya kudumu ya namna hiyo. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na watu wenye kipato kuvutwa na mitaa iliyopangwa. Lakini hata hilo ni ushahidi: mstari uliochorwa na mpima katika miaka ya 1970 bado unavuta watu na fedha, ingawa serikali iliyouchora ilishindwa kuutunza.

Kanuni iliyotumika Nyakato ilikuwa fupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja: kila kiwanja kiguse njia, kila njia iwe na mtaro, kila nyumba ibaki ndani ya mawe yake ya mpaka. Haikumdai maskini tofali la saruji siku ya kwanza. Ilimdai asimame ndani ya mstari, naye akasimama.

Vilima vinajengwa

Kosa lililofuata halikuwa Nyakato bali kutokuwapo kwa Nyakato nyingine za kutosha. Idadi ya watu wa Mwanza ilipita 220,000 kwenye sensa ya 1988. Katika miaka ya 1990 viwanda vya kusindika sangara vilikuja kwenye ufuko wa ziwa, na pamoja navyo wavuvi, wapakiaji, wachuuzi, mama lishe na vijana kutoka Geita, Ukerewe, Sengerema, Magu na Mara. Mwaka 2000 Mwanza ilipewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 706,453, na mwaka huohuo Ilemela ikapata halmashauri yake ya manispaa mbali na Nyamagana. Sensa ya 2022 ilikuta wilaya hizo mbili zina zaidi ya watu milioni 1.1.

Watu hao walikwenda wapi? Walipanda. Igogo, Mabatini, Isamilo, Bugarika, Kilimahewa, Kitangiri: vilima vilivyokuwa vya mbuzi na wakata kuni viligeuka mitaa. Kanuni za viwango vya viwanja za miaka ya 1990 zilitaka kiwanja katika eneo lenye nyumba nyingi kisipungue mita za mraba 400. Juu ya Mabatini, kati ya jabali na jabali, mita za mraba 400 za ardhi inayojengeka ni nadra. Mtu alinunua alichopata kutoka kwa mwenyeji, kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, akaanza kuchimba msingi. Palipokuwa na mwamba aliwasha moto juu yake hadi ukapasuka, akatumia vipande vilevile kujenga ukuta wa kuzuia udongo. Kazi hiyo ina ustadi mkubwa. Anayetazama vilima vya Mwanza kutoka ziwani anaona maelfu ya nyumba zilizosimama mahali ambapo kitabu cha mhandisi kingesema hapajengeki.

Sheria ilikuwa na jina moja kwa yote hayo: ujenzi holela. Jina hilo liliwaficha maofisa jambo muhimu, kwamba mlimani kulikuwa na utaratibu, ila haukuandikwa. Mafundi waliacha njia ya kupitisha jeneza. Majirani walikubaliana maji ya mvua yapite ubavuni mwa nyumba ipi. Kilichokosekana ni yale mambo ambayo makubaliano ya majirani wawili hayawezi kuyabeba, nayo ni bomba, majitaka, gari la wagonjwa na gari la zimamoto. Choo cha shimo hakichimbiki kwenye mwamba. Watu walijenga vyoo vya kuinuliwa juu ya ardhi, na wengine, vikijaa, walivifungulia mvua ikinyesha. Uchafu uliteremka na makorongo hadi Mto Mirongo, na Mirongo ukaumwaga katika ziwa ambalo jiji linachota maji yake ya kunywa. Kipindupindu kilipozuka hakikuulizia nani ana hati miliki. Kanuni iliyomwacha mtu wa mlimani nje ya mji ilirudi kwa mtu wa bondeni kupitia bomba lake la maji.

Bomba jembamba, barabara ya mawe

Mabadiliko yalianza kwenye makaratasi. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilikubali kwamba makazi yaliyojengwa bila mpango yaboreshwe badala ya kubomolewa, isipokuwa yaliyo katika maeneo ya hatari. Sheria ya Ardhi ya 1999 iliweka utaratibu wa urasimishaji, na Sheria ya Mipangomiji ya 2007 hatimaye ikachukua nafasi ya ile ya 1956. Kanuni za viwango zilizotolewa 2011 na kurejewa 2018 zilikubali viwanja vidogo zaidi. Mwanza ikawa miongoni mwa miji iliyojitokeza mbele katika urasimishaji. Kamati za wakazi zilikaa na wapima, zikajadiliana juu ya kila njia: nani asogeze uzio, nani atoe kipande cha uwanja wake ili watu wapite. Kwa mara ya kwanza upana wa njia ya mlimani uliamuliwa na wale wanaoipita kila siku.

Lakini mambo mawili yaliyofanyika nje ya ofisi za mipangomiji ndiyo yaliyoonyesha vizuri zaidi kanuni ya Mwanza ingeweza kuwa nini.

La kwanza ni bomba la majitaka. Kanuni za kawaida za uhandisi zinataka bomba pana, lililozikwa chini sana, likifuata barabara, kwa sababu juu yake yatapita magari mazito. Vilimani hakuna barabara, na mwamba hauruhusu kuchimba. Kwa kufuata kanuni hiyo jibu lilikuwa moja tu: haiwezekani. Huko Brazil, tangu miaka ya 1980, wahandisi walikuwa wamejiuliza swali jingine. Ikiwa juu ya bomba hayatapita malori, kwa nini lizikwe kana kwamba yatapita? Walitumia mabomba membamba, yaliyolazwa karibu na uso wa ardhi, yakipita kati ya nyumba na nyumba kwa ridhaa ya wenyewe, kisha kuungana chini na bomba kuu. Mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, iliutumia mfumo huo rahisi katika miradi ya maji na usafi wa mazingira ya Ziwa Victoria, na nyumba za Igogo, Mabatini, Isamilo na Kilimahewa zikaunganishwa. Mteremko uliokuwa laana kwa kanuni ya zamani ukawa msaada, maana majitaka hushuka yenyewe bila pampu. Mlima ulibaki uleule, kilichobadilishwa ni kanuni.

La pili ni barabara za mawe. Lami kwenye mteremko mkali huondoka na mvua, na zege ni ghali. Jiji liliamua kutandaza mawe ya vilima vyenyewe, yaliyochongwa kwa mikono na kupangwa moja kando ya jingine. Mawe hayo yanatoka karibu, wanayachonga vijana na kina mama wa mitaa ileile, na likilegea moja linarudishwa bila kuita kampuni. Palipopita barabara hizo, bodaboda na gari la wagonjwa vimefika mahali ambapo mgonjwa alikuwa akiteremshwa kwa kubebwa.

Hakuna ramani kubwa iliyoleta mambo haya mawili. Yaliletwa na uamuzi wa kukubali kipimo kinachoendana na mahali.

Ziwa nalo lina kipimo chake

Ufukoni hadithi ni nyingine. Huko tatizo halikuwa kanuni kali kupita kiasi, bali kanuni iliyochelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ilipopitishwa, viwanda, hoteli, mialo na nyumba za kuishi tayari vilikuwa ndani ya mita hizo, na vingine viliongezeka baadaye kwa kuwa mita 60 zilizoandikwa kwenye sheria hazikuwekewa mawe ya mpaka kwenye mchanga.

Ziwa lenyewe lilikuwa limekwisha kutoa onyo. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililiinua, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Wazee wa Uhuru waliyaona maji yakimeza mashamba na gati. Kisha likashuka kidogo kidogo, kizazi kilichofuata kikasahau, na ardhi iliyoachwa na maji ikauzwa kama ardhi nyingine yoyote. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango cha juu kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, likaingia kwenye nyumba, mialo na barabara za ukingoni kuanzia Kisumu na Entebbe hadi Mwanza. Kanuni nzuri ya ufukoni ingewafaa watu hao kwa jambo moja kubwa, kuwakumbusha wasioyaona ya 1964 mahali maji yalipofika.

Kanuni ya Mwanza iandikwe sasa

Jiji lina Mpango Kabambe wa 2015 hadi 2035, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Surbana ya Singapore. Ni kazi kubwa inayoonyesha vituo vipya, barabara za mzunguko na maeneo ya viwanda. Lakini mpango kabambe, kwa asili yake, hutazama mji kutoka juu. Hauwezi kumwambia fundi wa Bugarika ukuta wake wa kuzuia udongo uwe na unene gani, wala kumwambia mwenye kiwanja Luchelele aache njia ya maji upande gani. Kati ya mpango ule mkubwa na kibali cha ujenzi cha mtu mmoja kuna pengo, na pengo hilo ndilo mahali pa kanuni za usanifu.

Tunayo mifano, ya karibu na ya mbali. Zanzibar, Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mpango wa hifadhi wa 1994, uliotayarishwa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, uliyachunguza majengo moja moja ili kusema nini kihifadhiwe na nini kiruhusiwe kubadilika. Mji ulisomwa kwanza, kanuni ikafuata. Uingereza, nchi iliyotupa mfano wa sheria ya 1956, ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kanuni za usanifu mwaka 2021, na sheria yake ya 2023 ikazitaka mamlaka za mipango za mitaa kutayarisha kanuni zao kwa maeneo yao. Waliotufundisha kwamba kanuni moja itatosha kila mahali wameiacha imani hiyo.

Kanuni ya Mwanza ingeanza na kugawa jiji kwa ardhi yake: mlima, bonde, tambarare na ufuko, kila mahali na masharti yake machache. Mlimani, kipimo kiwe njia na maji kabla ya ukubwa wa kiwanja: kila nyumba ifikiwe na njia ya miguu ya upana uliokubaliwa, kila kundi la nyumba liwe karibu na barabara ya mawe ya kufikisha gari, kila korongo liachwe wazi, mabomba membamba yapewe haki ya kupita kisheria, na majabali makubwa yanayoshikilia udongo yasipasuliwe. Bondeni kwa Mirongo, sakafu iinuliwe na kingo za mto zibaki bila ujenzi. Ufukoni, mstari wa maji ya 1964 na ya 2020 uwekewe mawe ya mpaka yanayoonekana. Tambarare itumie somo la Nyakato: mistari kwanza, nyumba baadaye.

Somo hilo la mwisho lina haraka yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na reli ya kisasa inajengwa kutoka Isaka. Usagara iliyo Misungwi na Kisesa iliyo Magu zinajaa nyumba, nazo ziko nje ya mipaka ya jiji, chini ya halmashauri nyingine. Utafiti wa 2021 umetuonyesha kwamba mstari uliochorwa kabla ya nyumba hudumu zaidi ya miaka 40, na kwamba kuurudisha baada ya nyumba ni kazi ngumu na ya gharama. Halmashauri za Nyamagana, Ilemela, Misungwi na Magu zikikaa pamoja na kupima njia na mitaro tu, hata kabla ya kuwa na fedha za lami, zitakuwa zimewafanyia wajukuu wa wakazi wa leo jambo kubwa kuliko jengo lolote la ghorofa.

Na kanuni hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Kwa miongo mingi sheria na kanuni za mipangomiji ziliandikwa kwa Kiingereza, huku mafundi, wenyeviti wa mitaa na wanunuzi wa viwanja wakiishi kwa Kiswahili na Kisukuma. Tangu 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hivyo kisingizio kimekwisha. Kurasa chache zenye michoro, zilizobandikwa katika kila ofisi ya kata na kugawiwa kwa kila fundi, zinaweza kufanya kazi ambayo maofisa wachache wenye gari moja hawatawahi kuimaliza. Mwananchi aliyepasua mwamba kwa moto ili watoto wake wapate paa hashindwi kufuata kipimo cha njia. Amesubiri tu kipimo kinachomhesabu kuwa mkazi wa mji, na ni wajibu wa wanaoandika kanuni kumpa hicho kabla hajachimba msingi mwingine.